Kadi, jedwali, mti wa ukoo au vijiti viwili: njia ipi imfae mtoto anayejifunza kupanga maumbo?

Mwaka jana msichana mmoja wa P.7 (darasa la saba la msingi), katika wale wanaokuja kwangu jioni kusoma hisabati, alichora mraba na kuutaja jina bila kusita. Nikaligeuza daftari lake kidogo ili mraba usimame kwa kona. "Na huu?" Akautazama. "Huu sasa umekuwa rombasi, mwalimu." Nikalirudisha daftari. "Mraba." Nikaligeuza tena. "Rombasi." Hakuwa anabahatisha. Kila mara alijibu kwa uhakika wa mtu anayemtambua jirani yake.

Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi, kwa sababu neno rombasi halikuwa kosa. Mraba ni rombasi kweli, yaani umbo la pande nne zilizo sawa zote, hata daftari likiwa limenyooka. Kosa lilikuwa katika lile "umekuwa". Alidhani umbo likibadili mkao linabadili na jina. Na hakuwa mzembe. Alikuwa amejifunza vizuri sana kile alichofundishwa: tazama picha, shika jina, kariri.

Ndiyo maana nataka kuweka kando kwa kando njia tatu ninazoziona zikitumika mashuleni kwetu Uganda, pamoja na ya nne niliyojifunza kwa fundi seremala, ili mwalimu mwenzangu wa P.6 hadi S.2 (kidato cha pili), au mzazi anayekaa na mwanawe mezani baada ya chakula cha jioni, achague inayomfaa. Sisemi zote ni sawa. Ipo ninayoipenda kuliko nyingine na nitaeleza kwa nini.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Hapa Busia Kiswahili ndicho cha sokoni, cha stendi na cha mpakani, na tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, watoto wanakutana nacho zaidi darasani pia. Mtihani wa hisabati bado unakuja kwa Kiingereza, na majina ya Kiingereza lazima mtoto ayajue. Lakini sababu ya mraba kuwa mstatili haina lugha. Mama anayeuza samaki anaweza kumweleza mwanawe sababu hiyo kwa maneno ya nyumbani, na jina la mtihani likaongezwa baadaye kwa dakika mbili.

Kadi

Hii ndiyo njia ya kwanza karibu kila mahali. Unakata maboksi ya biskuti au ya sabuni, unachora maumbo, mtoto anayapanga mafungu: pembetatu huku, pembenne kule, duara peke yake. Haina gharama, watoto wanaipenda, na katika nusu saa umeshajua nani anatambua nini.

Udhaifu wake ndio ule niliouona kwenye daftari la msichana wangu. Mtoto anapanga kwa macho. Mwaka 1957 huko Utrecht, Uholanzi, walimu wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliandika tasnifu zao kuhusu jambo hili hili. Walieleza kwamba mtoto huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyoitambua sura ya mtu. Kisha anafika mahali pa kuona sifa, yaani pande, pembe, usambamba. Na baada ya hapo ndipo anapoona jinsi sifa moja inavyoileta nyingine. Walisisitiza kwamba umri peke yake haumpandishi mtoto ngazi hizo. Kinachompandisha ni mafundisho anayopewa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 aliyepewa picha tu tangu P.3 anaweza kabisa kuwa bado yuko ngazi ya kwanza, na mwalimu anayezungumza naye kwa lugha ya ngazi ya tatu hasikiki.

Ukichagua kadi, basi ziharibu kidogo. Weka pembetatu iliyosimama kwa ncha na nyingine nyembamba kama kisu. Weka mstatili mrefu kama rula. Weka umbo lenye pande nne ambalo kona moja haikufunga, na jingine ambalo upande mmoja umepinda. Kadi nzuri ni ile inayowafanya watoto wawili wabishane. Fungu la kadi ambazo kila pembetatu imekalia upande wake wa chini kwa adabu halimfundishi mtoto kitu ambacho hakujua.

Jedwali la sifa

Hapa mtoto anaacha kuuliza "linafanana na nini?" na kuanza kuuliza "lina nini?" Unachora safu za sifa, unaandika majina ya maumbo pembeni, mnajaza pamoja. Kwa mtoto anayejiandaa kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, njia hii ina nguvu ya wazi: sehemu ya A ya karatasi ya hisabati ina maswali 20 mafupi ya alama 40, na swali fupi la maumbo mara nyingi linadai sifa moja tu, ama idadi ya mistari ya ulinganifu ama ukubwa wa pembe fulani. Aliyejaza jedwali kwa mkono wake mwenyewe hujibu upesi.

Lakini kuna jedwali zuri na jedwali baya, na tofauti yao ni neno moja. Hili ndilo ninalotumia mimi:

| Umbo | Jozi za pande sambamba | Pande zote nne sawa? | Pembe zote nyuzi 90? | Mistari ya kukunjia (ya ulinganifu) |
|---|---|---|---|---|
| Mraba | 2 | ndiyo | ndiyo | 4 |
| Mstatili | 2 | si lazima | ndiyo | angalau 2 |
| Rombasi | 2 | ndiyo | si lazima | angalau 2 |
| Msambamba | 2 | si lazima | si lazima | si lazima uwepo |
| Tiara | si lazima iwepo | si lazima | si lazima | angalau 1 |

Trapeza, pembenne yenye jozi ya pande sambamba, nimeiacha nje. Ina ugomvi wake na nitaufikia.

Tazama yale maneno "si lazima". Majedwali mengi niliyoyaona ubaoni na kwenye madaftari huandika "hapana" mahali pale. Mstatili: pande zote sawa? Hapana. Mtoto anakariri, na kuanzia siku hiyo mraba umefukuzwa katika mistatili, kwa sababu pande zake zote ni sawa na kwenye jedwali mstatili "hapana". Akifika S.1 akaambiwa mraba ni mstatili anahisi amedanganywa na mmoja kati ya walimu wawili, na hajui ni yupi. Ukiandika "si lazima", mlango unabaki wazi. Umbo halikatazwi kuwa na zaidi ya linalodaiwa. Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, kafute "hapana" kwenye jedwali lako.

Kwa pembetatu, jedwali ndiyo njia bora kuliko zote, wala sioni inayoikaribia. Chora viboksi tisa, tatu kwa tatu. Juu andika pande: zote tofauti, mbili tu sawa (pacha), zote sawa. Pembeni andika pembe kubwa kuliko zote katika umbo hilo: kali (chini ya nyuzi 90), mraba (90 kamili), butu (zaidi ya 90). Kisha waambie watoto wachore pembetatu moja katika kila kiboksi. Viboksi saba vitajaa. Viwili vitakataa, na hapo ndipo darasa linapochangamka. Nimewaona watoto wakifuta na kuchora upya robo saa nzima wakitafuta pembetatu ya pande zote sawa yenye pembe mraba. Waache. Usiwaambie. Mmoja wao atakumbuka kwamba pembe za pembetatu hufika nyuzi 180 kwa jumla, kwamba pande zikiwa sawa na pembe zinakuwa sawa, kwa hiyo kila moja ni nyuzi 60 na hakuna nafasi ya 90 wala ya zaidi. Jambo hilo mtoto aliyelivumbua mwenyewe halisahau, na alilivumbua kwa sababu kiboksi kilibaki kitupu. Mti wa ukoo haukupi kiboksi kitupu.

Mti wa ukoo

Kwa pembenne, ninachagua ukoo, na hapa nitakaa kidogo.

Juu kabisa unaandika pembenne: umbo lililofungwa lenye pande nne zilizonyooka. Chini yake msambamba, ambaye amedai jozi mbili za pande sambamba. Msambamba ana watoto wawili: mstatili, aliyeongeza dai la pembe mraba, na rombasi, aliyeongeza dai la pande zote sawa. Na mraba ni mtoto wa wote wawili, mstatili na rombasi, kwa sababu ametimiza madai yote. Tiara naye anatoka moja kwa moja kwa pembenne, kwa dai la jozi mbili za pande jirani zilizo sawa, na rombasi ni wa nyumba yake pia.

Kinachowakwamisha watoto ni sentensi: kila mraba ni mstatili, lakini si kila mstatili ni mraba. Wanaisikia kama kitendawili. Mimi huiacha kando kwanza, nazungumza mbuzi. Kila beberu ni mbuzi? Ndiyo. Kila mbuzi ni beberu? Wanacheka, hapana. Ukimwona beberu ukasema "yule mbuzi", umekosea? Hukukosea, hukumaliza tu kusema unachokijua. Wakati mwingine nachukua koo za Buganda: kila mtu wa ukoo wa Mamba ni Muganda, lakini nenda Masaka useme kila Muganda ni Mamba uone watu wa Nkima na wa Ffumbe watakujibu nini. Mtoto wa hapa kwetu, awe Msamia, Muganda au Mteso, anaelewa ukoo kabla hajaelewa hisabati. Anajua kwamba mtu akizaliwa katika ukoo anarithi miiko yake yote, na kwamba anaweza kuwa na ya ziada ya nyumba yake.

Neno kurithi ndilo linalofanya njia hii iwe na faida kuliko jedwali. Katika jedwali unajaza vyumba vyote, kimoja kimoja. Katika ukoo, ukishaonyesha kwamba katika msambamba pande zinazotazamana ni sawa na pembe zinazotazamana ni sawa, umemaliza kazi kwa mstatili, rombasi na mraba papo hapo. Huhitaji kuthibitisha tena. Kanuni ya eneo vivyo hivyo: kitako mara kimo ni mali ya msambamba, na wote wa chini yake wanaila bila kuomba. Mtoto anayekariri kanuni nne za eneo kwa maumbo manne amebeba mzigo ambao ukoo ungemtua.

Haikuwa hivyo tangu zamani, na ni haki kusema hivyo ili mtoto anayekataa asionekane mjinga. Euclid, aliyefundisha Alexandria nchini Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliufafanua mstatili kuwa na pembe mraba lakini usiwe na pande zote sawa, na pembetatu pacha kuwa na pande mbili tu zilizo sawa. Yaani Euclid aliwatenga. Wanahisabati wa baadaye ndio waliounganisha ukoo, kwa sababu waliona kurithi kunawapunguzia kazi. Na lugha yetu nayo inamvuta mtoto upande wa Euclid. Mstatili ni neno lililotoka Kiarabu, na maana yake huko ni kitu kilichorefushwa. Mtoto hajui Kiarabu, lakini amelisikia neno likitajwa kwa milango na vitabu tu, vitu virefu; mraba hauonekani kuwa mrefu, kwa nini uwe mstatili? Msambamba kwa upande wake ni jina la kupendeza kufundishia, maana sifa yake imeandikwa usoni.

Ubaya wa ukoo upo. Unadai mtoto awe ameshazijua sifa, la sivyo anakariri mchoro wa mishale kama alivyokariri picha. Unadai pia "angalau" na "si kila" vieleweke, na watoto wengi wa P.6 bado. Nimewahi kuanza nao mapema mno, na kilichonirudia kilikuwa mti uliochorwa vizuri na mtoto asiyeweza kunieleza mshale mmoja. Kibaya zaidi, miaka yangu ya mwanzo nilimwekea alama ya kosa mvulana aliyeandika mraba chini ya mistatili. Alikuwa sahihi. Nilijua baadaye, akiwa ameshahama shule, na sikupata nafasi ya kumwambia.

Vijiti viwili

Njia ya nne niliipata kwenye karakana moja ya useremala barabara ya Majanji. Nilikwenda kuchukua fremu ya mlango. Nilipoitazama ilikuwa imenyooka kabisa, nikamwambia fundi iko sawa, tufunge. Akasema, "Mwalimu, macho yanakudanganya. Nishikie mwisho wa tepu."

Alishapima pande: upana sentimita 90 juu na chini, urefu 210 kushoto na kulia. Sasa alivuta tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. 231. Akavuta ile nyingine, juu kulia hadi chini kushoto. 226. "Imelala," akasema. Akaigonga kona moja kwa nyundo, polepole, akapima tena. Akagonga kidogo. Mara ya tatu tepu ilisoma 228 na nusu kotekote. Papo hapo akapigilia kibao chembamba cha kushikilia kwenye kona, ili isilale tena njiani. Hakugusa skwea, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, hata mara moja.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Tofauti ile ya sentimita 5 ilikuwa upotofu wa pembe usiofika nyuzi 2. Jicho haliwezi kuuona, lakini mlango ungeukwaruza kila siku. Na alichokifanya fundi ni uthibitisho kamili. Pande zinazotazamana zilikuwa sawa, kwa hiyo fremu ilikuwa msambamba tangu mwanzo. Mishazari, yaani ile mistari miwili ya kona hadi kona aliyoipima kwa tepu, ikiwa sawa, ile pembetatu inayofuata kitako, upande wa kushoto na mshazari mmoja ina pande 90, 210 na 228.5, na ile ya kitako, upande wa kulia na mshazari wa pili ina pande hizo hizo. Pembetatu zenye pande tatu sawa ni sawa kabisa, basi pembe mbili za chini ni sawa. Na katika msambamba pembe mbili jirani hufanya 180. Kila moja ni 90. Msambamba wenye mishazari sawa ni mstatili, hana budi.

Tangu siku hiyo nafundisha pembenne kwa mishazari kwanza. Chukua njiti mbili za ufagio na kipande cha mpira wa tairi. Zifunge zikikatana. Ziweke juu ya karatasi, weka nukta kwenye ncha nne, ondoa njiti, unganisha nukta. Hilo ndilo umbo.

Njiti mbili za urefu sawa, zimefungwa katikati kwa katikati: zifungue pembe yoyote, utapata mstatili. Zifungue hadi zikatane kwa nyuzi 90, mstatili huo huo unafikia kuwa mraba machoni pa mtoto, na njiti hazikubadilishwa. Kata njiti moja iwe fupi, funga tena katikati kwa katikati: msambamba. Zikatanishe kwa nyuzi 90: rombasi. Sasa usogeze mpira kwenye njiti moja tu utoke katikati, ile nyingine ibaki imegawanywa nusu kwa nusu, nyuzi 90 zibaki: tiara, sura ile ile ya zile ambazo watoto hutengeneza kwa kaveera (mfuko wa plastiki) na kurusha Januari kabla shule hazijafunguliwa.

Maswali ni matatu tu. Je, mishazari inagawana nusu kwa nusu? Je, ina urefu sawa? Je, inakatana kwa nyuzi 90? Mraba unajibu ndiyo mara tatu, na mtoto anaona kwa mikono yake kwamba ili kujibu ndiyo mara tatu lazima awe ameshajibu yale ya mstatili na yale ya rombasi. Sentensi ngumu ya ukoo inafika bila kuitwa. Msichana wangu wa P.7 nilimpa njiti, nikamwambia atengeneze mraba, kisha ageuze karatasi. Akageuza, akatazama njiti, akanyamaza. Halafu akasema, "Njiti hazijasogea." Basi.

Njia hii ina mipaka yake, tena mikali. Pembetatu haina mshazari hata mmoja, kwa hiyo vijiti havikusaidii kitu huko. Pembetano ina mitano na pembesita tisa, vijiti vinakuwa fujo. Hata kwa pembenne, mtoto asije akadhani kila mpangilio una jina. Njiti za urefu sawa zilizofungwa ovyo hutoa pembenne isiyo na jina lolote, na njiti zinazokatana kwa nyuzi 90 huku hakuna iliyogawanywa nusu hazitoi tiara. Mwambie waziwazi kwamba maumbo mengi hayana jina, ni pembenne tu.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa tuko karakanani: funga vibao vinne kwa msumari mmoja kila kona, mtoto asukume. Vinalala. Pande hazikubadilika, pembe zimebadilika, mstatili umekuwa msambamba mtupu, na hapa neno "umekuwa" ni la haki. Kisha funga vitatu. Havisogei. Ndiyo sababu kenchi za paa hujengwa kwa pembetatu, na ndiyo sababu fundi alipigilia kile kibao kwenye kona ya fremu yangu.

Uchague ipi?

Kwa mtoto wa P.4 au P.5, au mkubwa anayechanganya bado majina, kadi zilizoharibiwa zinatosha, wiki moja, isizidi. Ukikaa nazo zaidi unamkomaza kwenye macho.

Kwa P.7 katika muhula wa tatu, mtihani ukiwa mbele yake, sitakudanganya kwamba ukoo ndio wa kuanza nao. Muda hautoshi. Mpe jedwali lenye "si lazima", mpe viboksi tisa vya pembetatu, na jioni mbili za vijiti. Atajibu anachoulizwa na hatakuwa amejifunza uongo wa kuja kufutwa mwaka unaofuata.

Kwa S.1 na S.2, ukoo, bila shaka. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza na S.1 mwaka 2020, na kufikia mtihani wake wa kwanza wa UCE (wa kumaliza kidato cha nne) mwaka 2024, unamtaka mwanafunzi aeleze na atumie alichojifunza, na mada ya sifa za maumbo na pembe zake ipo tangu S.1. Anayejua ukoo anaweza kueleza. Anayejua jedwali peke yake anaweza kuorodhesha. Lakini usimkabidhi mchoro uliokwisha chorwa; mpe majina kwenye vikaratasi, ajenge mti mwenyewe na kutetea kila mshale.

Kama darasa lako lina watoto 90 na benchi zimebanana, kadi zitapotea na vijiti vitakuwa panga. Jedwali ubaoni ndilo litakaloendeka, na seti moja ya vijiti vikubwa, viwili vya mita moja, ukivishika mbele wewe na mtoto mmoja. Mzazi asiyekumbuka hisabati aanze na vijiti. Havimdai kujua jina lolote, wanagundua pamoja. Na kwa mtoto asiyeona vizuri sijaona kitu kinachovizidi. Kadi kwake ni giza, jedwali ni la kusomewa, lakini njiti anazipapasa, mahali zilipofungwa anapasikia kwa kidole, na ncha nne anaziunganisha kwa uzi.

Nikiwa na muhula mzima na watoto 20, mpangilio wangu ni vijiti, kisha jedwali, ukoo mwishoni. Kadi natumia siku ya kwanza tu, kuwapima.

Ule ugomvi wa trapeza

Vitabu havikubaliani. Vingine vinasema trapeza ina jozi moja tu ya pande sambamba, hivyo msambamba si trapeza. Vingine vinasema angalau jozi moja, na hapo msambamba anaingia katika ukoo wa trapeza pamoja na watoto wake wote. Juu ya hilo kuna vurugu ya majina: Kiingereza cha Uingereza, ambacho vitabu vyetu hufuata, huliita umbo hili trapeziamu, wakati Wamarekani huliita trapezoidi na neno trapeziamu hulitumia kwa pembenne isiyo na pande sambamba kabisa. Mtoto anayetafuta kwenye simu jioni anaweza kukutana na yote mawili kabla ya kulala.

Mimi nashika "angalau", kwa sababu ya eneo. Kanuni ya trapeza ni jumla ya pande mbili sambamba, mara kimo, gawa kwa mbili. Weka pande hizo mbili ziwe sawa, na kanuni inageuka yenyewe kuwa kitako mara kimo, ile ya msambamba. Kanuni yenyewe inamtambua msambamba kuwa wa nyumba hiyo. Lakini anayesahihisha mtihani hatakuwa mimi. Kwa hiyo mimi na mtoto hufungua kitabu ambacho shule ya mtoto inakitumia, tunasoma pamoja kinavyosema kuhusu trapeza, naye anaandika sentensi hiyo ndani ya jalada la daftari lake. Akihama shule, tunaiangalia tena.